Kimumu: Lango la vivutio vinavyopitwa na wengi bila kutazamwa

KABLA ya jua kuchomoza, barabara inayotoka Eldoret kuelekea Iten huwa tayari ina shughuli. Katika mtaa wa Kimumu, wanariadha hupita kwa makundi, wanaume na wanawake, hatua zao zikisikika kabla nyuso zao hazijaonekana. Muda mfupi baadaye matatu za kwanza hujaza abiria, wauza maziwa huteremsha mitungi yao na wanafunzi hushika njia. Baada ya hapo hupita magari ya wageni. Mengi hayasimami.

Hiyo ndiyo hali ya Kimumu, wadi iliyo katika eneobunge la Moiben, Kaunti ya Uasin Gishu. Kwa mgeni asiyeifahamu, ni mtaa wa nyumba za kupangisha, maduka na stendi za bodaboda viungani mwa Eldoret. Kwa anayeitazama ramani vizuri, ni lango. Kutoka hapa, katika safari ya siku moja au mbili, mtu anaweza kufika katika ukingo wa Bonde la Ufa, kuona ndovu, kuchungulia makao ya watu walioishi uwandani kabla ya kuja kwa wazungu, kutembelea mahali palipochimbuliwa mifupa ya viumbe wa miaka milioni 6 iliyopita, na kukimbia bega kwa bega na mabingwa wa dunia.

Hata hivyo, Mkenya anapotaja utalii, mawazo yake hukimbilia Mombasa na Maasai Mara. Kaskazini mwa Bonde la Ufa hutajwa kwa mambo mawili tu: riadha, na habari za wizi wa mifugo. Matokeo yake ni kwamba utajiri uliopo hauwafikii wengi wanaoishi kando yake. Ni muhimu basi kueleza kuna nini katika eneo hili, kila kivutio kilitokana na nini, na ni kwa nini faida yake imekuwa haba.

Mji uliozaliwa shambani

Eldoret yenyewe ni mji wenye asili isiyo ya kawaida. Mwaka wa 1908, msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda hadi uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Serikali ya kikoloni iliigawa ardhi hiyo kuwa mashamba yenye nambari, na kituo kidogo cha posta kikajengwa katika shamba nambari 64. Kwa miaka mingi wenyeji waliuita mji huo Sisibo, tamko lililotokana na nambari hiyo kwa Kiingereza. Jina la Eldoret lilianza kutumika rasmi mwaka wa 1912, na reli ikafika mwaka wa 1924.

Mnamo Agosti 15, 2024, Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Uwanja wake wa ndege wa kimataifa, uliofunguliwa mwaka wa 1997, uko kusini mwa mji. Kwa hivyo kufika si tatizo tena. Tatizo ni kwamba mgeni akishafika, hapati kwa urahisi mtu wa kumweleza aanzie wapi.

Mashimo ya Wasirikwa

Pa kuanzia ni karibu na nyumbani. Katika mashamba ya uwanda wa Uasin Gishu na maeneo jirani kumetapakaa mabonde madogo ya mviringo, mengine yakiwa yamezungushiwa mawe. Wapita njia hudhani ni mashimo yaliyochimbwa na mvua. Wataalamu wa mambo ya kale wanaeleza kuwa hayo ni mabaki ya mazizi ya ng'ombe, yaliyochimbwa na jamii inayokumbukwa kwa jina la Sirikwa, karne kadhaa kabla ya ukoloni. Mifugo ililala ndani ya shimo, na nyumba za wenyewe zilijengwa kandokando, hivi kwamba adui aliyetaka kuiba ng'ombe alilazimika kupita kwanza kwa wenye mali.

Mashimo hayo ni kumbukumbu ya pekee ya uchumi wa maziwa uliositawi katika uwanda huu zamani. Mengi yamo katika mashamba ya watu binafsi, na trekta huyafukia kila msimu wa kulima. Shimo likisawazishwa halirudi tena. Hicho ni kivutio kisichohitaji hoteli wala lami. Kinahitaji ua, kibao cha maelezo na kijana wa kijiji anayeijua hadithi yake.

Mbele kidogo, kushoto na kulia mwa barabara ya Iten, uwanda umetulia kama meza, isipokuwa mahali ambapo mlima wa mawe wa Sergoit umejitokeza peke yake. Katika mashamba ya upande huo bado wamo twiga wa aina ya Rothschild, wanaotambulika kwa miguu yao isiyo na madoa kuanzia magotini kushuka chini, kana kwamba wamevaa soksi nyeupe. Twiga hao ni miongoni mwa wanyama adimu duniani, na wengine wamehifadhiwa katika shamba la watu binafsi linalojulikana kama Kruger.

Iten na siri ya hewa yake

Kilomita zipatazo 35 kutoka Eldoret, barabara hupita chini ya tao linalomkaribisha mgeni katika makao ya mabingwa. Hapo ni Iten, makao makuu ya Kaunti ya Elgeyo Marakwet, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Masimulizi ya wenyeji husema jina lake lilitokana na mpelelezi Joseph Thomson, aliyepita pande hizi mwaka wa 1883 na kuupa mlima mmoja nambari kumi kwa Kiingereza.

Umaarufu wa Iten unaelezeka kisayansi. Katika mwinuko huo, kanieneo ya hewa hushuka hadi takriban robo tatu ya ile ya pwani. Kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi. Figo hutambua upungufu huo na kutoa homoni inayouamrisha uboho wa mifupa kutengeneza chembechembe nyekundu za damu kwa wingi. Baada ya majuma matatu au manne, damu huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kubeba oksijeni, na mwanariadha akirejea nyanda za chini hujiona mwepesi. Hiyo ndiyo sababu wanariadha kutoka Ulaya, Marekani na Asia huja na kukaa kwa majuma, tofauti na mtalii wa kawaida anayelala usiku mmoja na kuondoka.

Hata hivyo, hewa pekee haizai bingwa. Mwaka wa 1976, Colm O'Connell, mtawa kutoka Cork nchini Ireland, aliwasili kufundisha katika Shule ya Upili ya St Patrick's Iten. Hakuwa mkufunzi wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, na akabaki. Miongoni mwa waliopitia shule hiyo ni Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za Seoul mwaka wa 1988. Baadaye O'Connell alimnoa David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1:40.91 jijini London mnamo Agosti 9, 2012. Naye Lornah Kiplagat, bingwa wa zamani wa nusu marathoni, alijenga Iten kambi ya mazoezi ambayo hadi leo hupokea wageni kutoka kila pembe ya dunia.

Mgeni asiye mwanariadha ana nafasi yake pia. Kila Alhamisi asubuhi, mamia ya wakimbiaji hukutana katika barabara za vumbi za Iten kwa mazoezi ya kubadilisha kasi: dakika kadhaa mbio, dakika kadhaa taratibu. Hakuna tiketi wala mlango. Mtu anaweza kusimama kando ya njia na kutazama, au kujaribu kufuatana nao mpaka pumzi imwishie, jambo ambalo kwa wengi hutokea mapema. Anayetoka pwani au Nairobi anashauriwa apumzike siku mbili kwanza kabla ya kujaribu kukimbia.

Palipo na kasoro ni Kamariny. Uwanja huo wa zamani, ulio karibu na ukingo wa bonde, ndio uliowalea wanariadha wengi katika njia yake ya udongo. Serikali iliahidi kuujenga upya kwa kiwango cha kisasa, lakini kazi ilikwama kwa miaka mingi, na wanariadha wakalazimika kutafuta pa kufanyia mazoezi kwingine. Mahali palipostahili kuwa kivutio kikuu pakageuka kuwa mfano wa ahadi zisizotimizwa.

Pale ardhi inapokatika

Anayetoka katikati ya Iten na kutembea kuelekea mashariki hufika mahali ambapo ardhi inakatika ghafla. Huo ndio ukingo wa Elgeyo. Chini yake, zaidi ya mita 1,000, limelala Bonde la Kerio, na ng'ambo yake imejipanga Milima ya Tugen. Asubuhi, ukungu hujaza bonde lote kama maziwa ndani ya kibuyu.

Ukingo huo ni kazi ya nguvu za ardhini. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, lava ilitiririka na kutandaza mwamba mgumu ambao leo ndio uwanda wa Uasin Gishu. Kisha ukoko wa dunia ulipasuka na upande mmoja ukadidimia. Mwamba mgumu ulibaki juu kama kifuniko, na mito inayotoka uwandani hulazimika kuruka kutoka kwenye kifuniko hicho. Ndiyo maana ukingo huu una maporomoko ya maji kama yale ya Torok, ambayo hupendeza zaidi baada ya mvua.

Umbo hilohilo ndilo limeifanya Iten ijulikane kwa mchezo wa kupaa kwa parachuti. Jua likilipasha joto bonde, hewa moto hupanda ikiufuata ukuta wa mlima na kumwinua mrukaji badala ya kumwacha ashuke. Miezi ya kiangazi, hasa Januari hadi Machi, ndiyo inayowavuta warukaji wengi kutoka ng'ambo. Asiyejua hubebwa na rubani mwenye ujuzi.

Barabara kutoka Iten hushuka kwa kona kali ikipita Tambach, mji mdogo uliowahi kuwa makao makuu ya wilaya wakati wa ukoloni. Katika mwendo wa saa moja, msafiri huyaacha mashamba ya viazi na kondoo wa nyanda za juu, ambazo wenyeji huziita Mosop, na kuingia Soi, nchi ya miembe, mipapai, njugu, mizinga ya nyuki na joto linalopita nyuzi 30. Asali na maembe ya bonde hilo huuzwa kando ya njia, na ni zawadi bora kuliko kinyago kilichoagizwa Nairobi.

Ndovu wawili, kaunti mbili

Katika sakafu ya bonde kuna Hifadhi ya Rimoi, yenye ukubwa wa kilomita 66 mraba, iliyotangazwa mwaka wa 1983. Ng'ambo ya Mto Kerio, upande wa Baringo, kuna Hifadhi ya Ziwa Kamnarok, iliyotangazwa mwaka uo huo. Ndovu ndio wakazi maarufu wa hifadhi hizo, nao huvuka mto wapendavyo. Ndovu akiwa ng'ambo hii ni wa Elgeyo Marakwet. Akivuka maji ni wa Baringo.

Hapo ndipo kiini cha matatizo kilipo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyapa majimbo ya ugatuzi, yaani kaunti, jukumu la kuendeleza utalii wa mashinani. Lakini mandhari haya hayakuumbwa kwa kufuata mipaka ya kaunti. Bonde ni moja, mto ni mmoja, ndovu ni walewale, ilhali mipango, bajeti na vibao vya barabarani ni vya serikali mbili. Kaunti ikikarabati barabara ya upande wake na jirani yake asifanye hivyo, mtalii hugeuza gari mtoni.

Ziwa Kamnarok lenyewe linatoa onyo. Ni ziwa lililoachwa na Mto Kerio ulipobadilisha mkondo. Udongo unaosombwa kutoka milimani, ambako miti imekatwa, umekuwa ukilijaza na kupunguza kina chake. Likikauka, ndovu hawatabaki kusubiri mvua. Watafuata maji na mimea katika mashamba ya watu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatoa fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori. Lakini mkulima aliyeona mahindi yake yakikanyagwa usiku mmoja, kisha akasubiri fidia miaka mingi, ni vigumu kumshawishi kwamba ndovu ni mali yake.

Kando ya daraja la barabara ya Iten kwenda Kabarnet kuna korongo la Cheploch. Mto Kerio hubanwa hapo kati ya kuta mbili za mwamba, maji yakipita kwa kishindo. Vijana wa eneo hilo wamejifunza tangu utotoni kujitosa kutoka juu ya miamba hadi majini, mahali ambapo mamba wanajulikana kuwapo. Wageni husimama, hupiga picha, hutoa chochote na kuendelea na safari. Ni burudani ya kusisimua. Ni vyema pia mgeni ajue kwamba kijana huyo huhatarisha maisha yake kwa malipo ambayo hayana kiwango. Wakipangwa katika chama, wakawa na bima, mavazi ya kujiokoa na ada inayojulikana, Cheploch itabaki kuwa kivutio bila kuwa kamari.

Milima ya Tugen na wenyeji wa kale

Baada ya daraja, barabara hupanda tena hadi Kabarnet, ambako makavazi yamehifadhiwa katika nyumba iliyokuwa makazi ya mkuu wa wilaya. Milima hii ya Tugen ndiko mwaka wa 2000 watafiti Brigitte Senut na Martin Pickford na wenzao walikopata mabaki ya kiumbe waliyempa jina la Orrorin tugenensis, aliyeishi takriban miaka milioni 6 iliyopita. Mfupa wake wa paja uliwafanya waamini kwamba alitembea kwa miguu miwili. Ni nadra mtu kusimama mahali na kuambiwa kuwa huenda mababu wa wanadamu wote walipita hapo.

Mwenye siku ya ziada huweza kuteremka upande wa pili hadi Ziwa Bogoria, lenye chemchemi za maji moto yanayofoka kutoka ardhini na heroe wanaoyageuza maji kuwa ya waridi. Ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Elementaita, liliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2011.

Uzuri wake una historia chungu. Jamii ya Waendorois iliondolewa kandokando ya ziwa katika miaka ya 1970 ili hifadhi ianzishwe. Walipinga mahakamani bila mafanikio, wakafika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka wa 2010 uamuzi wa tume ulitangazwa: haki zao zilikuwa zimekiukwa, na walistahili kurejeshewa ardhi na kupewa mgao wa mapato. Uamuzi huo ulinukuliwa duniani kote. Kwa wanaopanga utalii wa Kerio na Kamnarok, somo lake ni wazi: kivutio kinachomfukuza mwenyeji hakina amani.

Misitu ya Kaptagat na vilima vya Nandi

Si lazima kila safari ielekee mashariki. Kusini-mashariki mwa Eldoret kuna Kaptagat, eneo la msitu, baridi na njia za udongo mwekundu. Katika kambi moja ya kawaida, ambamo wanariadha hupokezana kufagia na kupika, Eliud Kipchoge alijiandaa chini ya mkufunzi Patrick Sang hadi akakimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mnamo Oktoba 12, 2019. Faith Kipyegon, malkia wa mita 1,500, ni wa kambi hiyohiyo. Mgeni anayetarajia jumba la kifahari hushangaa, na mshangao huo ndio somo.

Kaptagat pia ni mahali pa majonzi. Usiku wa Februari 11, 2024, Kelvin Kiptum, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 jijini Chicago miezi minne tu kabla, alifariki pamoja na mkufunzi wake katika ajali ya barabara eneo hilo. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Kusini-magharibi, mashamba ya majani chai ya Nandi Hills hutanda kama zulia la kijani. Hapo kuna makavazi ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewazuia Waingereza kwa zaidi ya mwongo mmoja wakati wa kujengwa kwa reli. Aliuawa Oktoba 19, 1905 na afisa Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mapatano. Fimbo zake za uongozi zilipelekwa Uingereza na kurejeshwa mwaka wa 2006. Mtoto wa shule ya Kimumu anaweza kuzitembelea na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni.

Kaskazini: Nzohe na mifereji

Barabara ya Kitale nayo ina yake. Makavazi ya Kitale yalitokana na mkusanyiko ulioanzishwa na mlowezi Hugh Stoneham mwaka wa 1926. Mbele ya mji huo kuna Mbuga ya Saiwa, yenye kilomita 3 mraba pekee, ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini. Ilianzishwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya matope. Hakuna magari ndani yake. Mgeni hutembea kwa miguu, hupanda minara ya mbao na kusubiri kimya.

Milima ya Cherangani, ambayo kilele chake hupita mita 3,500, ni miongoni mwa minara mitano mikuu ya maji nchini. Tofauti na Mlima Kenya na Elgon, haikutokana na volkeno. Chini yake, katika miteremko ya Marakwet, kuna mifereji ambayo kwa mamia ya miaka imekuwa ikichota maji kutoka mito ya milimani na kuyapeleka mashambani bondeni. Mingine imening'inizwa kwenye kuta za miamba kwa magogo, mawe na nyasi. Koo humiliki mifereji, hugawana saa za maji na kuirekebisha kwa zamu. Wahandisi kutoka ng'ambo wameisafiria. Wengi wa Wakenya hawajui kama ipo.

Usalama na msimu

Msafiri mwenye busara huuliza kabla ya kwenda. Kaskazini mwa Bonde la Kerio pamekuwa na mashambulizi ya wezi wa mifugo kwa miaka mingi, na mnamo Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti kadhaa, zikiwemo Elgeyo Marakwet na Baringo. Iten, Kaptagat, Nandi Hills na barabara ya Kabarnet si sawa na maeneo ya ndani ya mpaka wa Marakwet na Pokot. Kuyaweka yote katika kapu moja ni kuwaonea wenyeji wa kusini. Kulifumbia macho tatizo la kaskazini ni kuwahatarisha wageni. Habari za karibuni hupatikana kwa wenyeji, polisi na ofisi za kaunti.

Mvua nayo si ya kupuuzwa. Miteremko iliyopoteza miti huporomoka, kama ilivyotokea Chesongoch, Marakwet Mashariki, mapema Novemba 2025, ambapo watu wengi walipoteza maisha. Kipindi cha Desemba hadi Februari huwa kikavu zaidi. Nguo nzito ni za asubuhi uwandani, kofia na maji ni vya bondeni.

Mwenye siku moja aanze alfajiri Kimumu, atazame mbio za Alhamisi Iten, ale chakula cha mchana ukingoni na kushuka hadi Torok. Mwenye siku mbili aongeze Rimoi, Cheploch na Kabarnet. Mwenye siku tatu achague kati ya Bogoria, Saiwa na Nandi Hills. Popote alipo, asiondoke bila kuonja mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, yaleyale wanayonyweshwa mabingwa wanaporejea uwanja wa ndege.

Nani anafaidi?

Nchi aliyotoka O'Connell ina funzo. Mwaka wa 2014, Ireland iliziunganisha barabara za pwani yake ya magharibi, zinazopita katika kaunti kadhaa kwa umbali wa takriban kilomita 2,500, zikawa njia moja yenye jina moja na alama moja. Bahari na majabali vilikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba vijiji vilivyokuwa vikipitwa vilipata sababu ya kusimamiwa.

Kaunti za kaskazini mwa Bonde la Ufa tayari zina muungano wa kiuchumi unaojulikana kama NOREB. Chombo kipo. Njia moja kutoka Eldoret kupitia Kimumu, Sergoit, Iten, Tambach, Cheploch hadi Kabarnet, yenye vibao vya aina moja, waelekezi waliosajiliwa na ada zinazogawanywa kwa kanuni inayojulikana, haihitaji mabilioni. Inahitaji serikali mbili au tatu kukubaliana kwamba ndovu hana kaunti.

Mpaka hapo, wanariadha wataendelea kupita Kimumu kila alfajiri, na magari ya wageni yatawafuata. Mama muuza chai kando ya barabara atayahesabu kwa macho. Siku yatakapoanza kusimama, hatahitaji kuelezwa na mtu maana ya utalii.